Rehema, ngumi ifike

Rehema mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata na shangazi yako naye kanipigia anasema unakula vizuri huko Mwanza, basi kula sato wa kutosha maana ukishapanda ndege ndo basi tena. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikigusa tu mambo ya dojo, ya karate yetu, unasema sawa baba, sawa baba, halafu chaji inaisha, na hili sitaki liishie njiani.

Ni ile video ya kumite uliyonitumia, ya kupambana na mwenzako. Nimeirudia mpaka mama yako kaniuliza natafuta nini humo. Umesimama vizuri, mabega chini, kiuno kimetulia, na yule kijana wa mkanda wa kahawia ulivyokuwa unamkinga nilifurahi sana tena niliwaonyesha wenzangu. Ila zamu yako ya kushambulia ikifika, ngumi hazifiki. Simamisha video pale anapochelewa kukinga uangalie mwenyewe, mkono wako umeshanyooka wote na bado kati ya ngumi na kifua chake kiganja kizima kingelala hapo. Angekaa tu asikinge asingeguswa.

Usiniambie ni kontroo. Mwenye kontroo anaipeleka ngumi mpaka mahali pake halafu anaisimamisha kwenye ngozi kwa kutaka. Wewe ulishaamua isifike kabla hata mguu haujanyanyuka, inaonekana, jicho lako linamwangalia yeye ila mwili unalenga hewa iliyo mbele yake. Na mwenzako hapo anajifunza umbali wa uongo. Anarudi kahatua kadogo, anaona amepona, mwili wake unakariri kwamba hapo ni salama, siku akikutana na aliyedhamiria kweli atasimama palepale na ataumia. Wewe ulidhani unamhurumia.

Najua na tabia hiyo imetokea wapi, nani alikuwa anakukaripia pale uani kila ukimgusa mdogo wako, tuyaache hayo.

Linaloninyima usingizi ni huko Okinawa, Japani, unakokwenda. Goju-ryu, mtindo wetu huu wa karate, huko ina walimu watu wazima kabisa, wa miaka 70 na zaidi bado wako sakafuni, na mimi nakujua, tumekulea ushike adabu kwa wakubwa, mzee wa rika la babu yako akikwambia nipige utampelekea ngumi ya shikamoo. Atakujua hapohapo. Usimfanyie hivyo Rehema, nakuomba. Mzee amekuonyesha kifua, peleka kifuani, kukinga ni kazi yake na ameifanya miaka mingi kuliko umri wangu wa mazoezi. Ukimpunguzia unamwambia mbele ya wanafunzi wake kwamba amekwisha, na nyumbani kwake mwenyewe.

Kwenye kakie, lile zoezi la watu wawili kusukumana mikono, ndo utashikwa zaidi. Huku tumezoea kuifanya haraka haraka, mkono na mkono, sukuma vuta, mradi jasho. Mkiwa mmesimama sanchini, ule msimamo wa miguu imekaza chini, mikono imegusana pale kwenye kifundo, tulia kwanza, usishindane naye nguvu. Unamsikiliza kwa ngozi, kama unavyopima homa ya mtoto kwa mgongo wa mkono. Kabla hajasukuma kuna kitu kinakaza, mara nyingi bega, au pumzi inasimama kidogo, na hapo ndipo dhamira yake ilipo, ngumi inakuja nyuma. Ukisubiri kuiona kwa macho umeshachelewa maana mko karibu mno, hakuna nafasi ya kuona. Na yeye anakusikia vilevile! Ukisukuma ya uongo ataiona tupu. Kwa hiyo narudi palepale, ngumi ifike.

Mwenye mtindo huu, Miyagi Chojun, alizaliwa Naha, hukohuko Okinawa, 1888, na vita ya 1945 ilimuulia baadhi ya watoto wake na pia Shinzato, mwanafunzi aliyemtegemea kuiendeleza karate yake, mji wenyewe ukateketea. Alianza tena kufundisha uani kwake, mpaka akafariki 1953. Watu waliosimama kwenye ule uani ndio waliowafundisha hao wazee unaowaendea, au waliwafundisha walimu wao. Hapa Dar sisi tumeipata miaka ya 1970, tumeitunza tulivyoweza, chi-ishi, vile vyuma vya mazoezi vya jiwe na mpini, tukatengeneza kwa saruji na mpini wa jembe. Mimi sikufika Naha. Unafika wewe, na skolashipu umeipata kwa kichwa chako mwenyewe, ndo maana sitaki uende ukarushe ngumi za mapambo.

Na nje ya dojo hivyohivyo. Mtu akikusogelea ambaye hutaki akusogelee usichekecheke ili asikasirike, simama umwangalie useme hapana, mwili na mdomo viseme kitu kimoja. Una tabia ya kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, nimekwambia tangu ukiwa mkanda mweupe, toka kwa pembeni.

Ukirudi una kama wiki mbili kabla ya safari, kila asubuhi makiwara, ile nguzo ya kupigia ngumi pale uani. Ile haibembelezi, usipofika haitikisiki. Mwambie mama yako mapema atafute pa kuanikia pengine maana mimi nikisema inakuwa kesi. Fundi amekuja kuangalia paa la jikoni anataka hela ya mabati kwanza, nimemwambia asubiri usafiri. Gi yako ya pili, nguo ya mazoezi, imepungua mikono, nimeipeleka kwa fundi cherehani aongeze, asipoweza utanunua hukohuko. Vyeti vyako vya chuo viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati letu, usimtume mdogo wako, njoo uvichukue mwenyewe. Dagaa funga kwenye mifuko miwili miwili wasinukishe begi.

Ukikata tiketi ya basi nitumie jina la kampuni na saa ya kuingia, nije kukupokea Mbezi stendi, usipande bodaboda usiku na mizigo.

Baba yako