Chumvi ya Nini Kwenye Mtambo wa Kulainisha Maji?

Karibu kila tunapofunga mtambo Nyali au Bamburi, swali huwa lile lile: "Fundi, maji ya kisima changu yana chumvi tayari, nawe waniongezea gunia zima?"

Swali la haki. Pwani tumejenga juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikipenya ardhini huokota hewa ya kaboni udongoni, ikapata uchachu kidogo, ikaliyeyusha jiwe. Kalsiamu, madini ya jiwe hilo, iko majini na huioni. Ukiyachemsha, hewa ile hutoroka na mmenyuko hurudi ulikotoka: jiwe hujijenga upya, safari hii kwenye koili ya hita yako. Utando mweupe unaokwangua ndani ya birika, mgumu kama ugaga wa meno, ni ndugu wa jiwe linalochomwa kutengeneza saruji. Koili ikishavikwa nguo hiyo, joto hukosa pa kutokea, nayo huungua.

Sasa chumvi. Ndani ya tangi mna punje za rezini, aina ya plastiki, zilizobeba sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Maji yakipita, punje hunyakua kalsiamu na kuachilia sodiamu. Zinaipenda kalsiamu zaidi, ila si ndoa ya kudumu: kubadilishana huku huenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mshindi hutegemea nani amejaa majini. Punje zikishajaa, kalsiamu inayoingia kwenye punje na inayotoka huwa sawasawa. Huo ndio msawazo, na kwako maana yake ni kwamba sabuni imeanza tena kukataa kutoa povu.

Hapo ndipo tunapopitisha maji makali ya chumvi, ya asilimia 10 hivi. Sodiamu ikifurika namna hiyo, msawazo huvunjika, kalsiamu husukumwa nje na kumwagwa pamoja na maji hayo, kisha tunasuuza. Mfaransa Henry Le Chatelier aliieleza kanuni hii mwaka 1884. Sisi twaitumia kukuepusha kununua rezini mpya.

Tumia chumvi safi ya chenga kubwa. Ile laini ya mezani hugandamana chini ya pipa, na kuichokonoa ni kazi ya nusu siku ambayo, kusema kweli, hatuipendi.

Kitu kimoja zaidi: maji yaliyolainishwa hubaki na sodiamu kidogo. Kama nyumbani yupo aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, tujulishe kabla hatujaunga mabomba. Bomba la jikoni tutaliacha nje ya mtambo.