Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: gobore lisilale na watoto

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Assalaam aleikum, na pole na majukumu.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Mimi ni muuguzi mstaafu, siku hizi nalima mihogo na ufuta. Nimefanya kazi kwenye zahanati za vijijini miaka mingi, na jambo ninalokuletea, la magobore (bunduki za kienyeji) yanayofichwa majumbani, nimelinyamazia kupita kiasi.

Usiku mmoja wa masika nililetewa mtoto wa miaka minane, mkono wa kushoto umeviringishwa khanga. Baba yake alisema kaangukia chupa. Nilipoifungua ile khanga nikajua si chupa. Chupa haiunguzi malaika ya mkono, wala haiachi unga mweusi ndani ya ngozi. Vidole viwili vilikuwa vinaning'inia, na kwenye kiganja nilitoa kipande cha nondo kikubwa kama punje ya hindi. Mtoto hakulia. Alikuwa anatetemeka tu, ananitazama mdomoni. Baba yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ukiandika gobore nakwenda jela, na hawa waliobaki nyumbani watakula nini?"

Nikaandika kaangukia chupa. Ili nisiandike PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nilimfunga kidonda nikampa rufaa asubuhi, wakati alitakiwa kuondoka usiku uleule. Vidole havikupona. Kosa lile ni langu, na silisahau.

Tangu hapo nimejifunza kumtambua mtu wa gobore kabla hajafungua mdomo. Anakuja siku ya tatu au ya nne, kidonda kimeshaanza kunuka, na maelezo yake yamenyooka mno. Wengine hawaji kabisa. Kwa hiyo kwenye vitabu vya zahanati hakuna majeruhi wa gobore. Kuna walioanguka, waliokatwa na panga, waliolipukiwa na jiko. Mkoa utapangaje kuzuia madhara ambayo sisi wenyewe tunayaficha kwenye daftari?

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kulishika gobore. Linashindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha makumbi ya nazi, kisha vipande vya chuma. Likishashindiliwa, njia rahisi ya kulitoa ni kulifyatua. Mtu anakesha dunguni, kwenye kichanja cha kulindia shamba, nguruwe pori hawaji, alfajiri anarudi nyumbani na gobore lililojaa. Analichomeka darini au nyuma ya mlango, analala. Mchana watoto wanacheza mle mle ndani. Yule mtoto alitumwa ungo, akaligusa, likafyatuka.

Marekani, ambako kumiliki silaha kumo kwenye katiba yao tangu 1791, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki hujiua wenyewe. Maisha yao si yetu, lakini hapo tunafanana: bunduki iliyo karibu humdhuru kwanza aliye karibu nayo.

Sasa nimtetee na yule baba, maana nami nina shamba. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku mmoja, asubuhi unakuta shamba limefukuliwa kama limepitiwa na trekta. Huku wengi wetu hatumli, kwa hiyo hawindwi kwa kitoweo, anazaana tu. Tunapiga madebe, tunawasha moto, tunafuga mbwa, tunakesha. Na kukesha kwenyewe kumeua watu. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 kwamba simba waliua zaidi ya Watanzania 563 kati ya 1990 na 2004, na mkoa wetu ni miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi. Waligundua kuwa watu hushambuliwa zaidi pale penye nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache, na hasa msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Simba humfuata nguruwe shambani, akamkuta mtu amelala dunguni. Wazee wa huku hawakuhitaji mtafiti awaambie, ila ni vizuri limeandikwa.

Kwa hiyo mkulima akisema analinda chakula na roho yake, hasemi uongo. Katiba yetu haimpi mtu haki ya bunduki. Lakini Ibara ya 14 inampa haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii, na Ibara ya 24 inalinda mali yake. Hifadhi hiyo anaitafuta darini kwake kwa sababu kwingine hajaiona. Na mtoto wake naye yumo kwenye Ibara hiyo hiyo ya 14.

Mwaka 2023 Jeshi la Polisi lilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Jambo jema. Lakini Septemba huku tunaokota korosho, mahindi hayajapandwa, nguruwe hana mengi ya kula shambani. Anayesalimisha gobore mwezi huo, ikifika Machi hana kitu mkononi, na fundi wa kuchonga jingine hayuko mbali.

Naomba msamaha uje kijijini pamoja na lindo. Polisi kata wapo, na askari wa wanyamapori wa vijiji wapo katika baadhi ya maeneo. Kila kata yenye shida ipewe bunduki chache zilizosajiliwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, zikae kwenye kabati la chuma chini ya polisi kata. Zitoke jioni za masika mikononi mwa watu waliofundishwa, na saa ya kutoka na ya kurudi iandikwe. Anayeleta gobore lake, shamba lake liingie kwenye orodha ya doria siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Na majeruhi aandikwe alivyoumia. Waganga na polisi wa mkoa huu wakubaliane, na watangaze hadi misikitini, kwamba mtu hatakamatwa kitandani kwa sababu amesema kweli kuhusu kidonda cha mwanawe.

Najua kamati yako ina hofu ya kuongeza silaha vijijini. Vita vya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tangu 2017 tunavisikia, na Kitaya, kwa jirani zetu wa Mtwara, walivamiwa Oktoba 2020. Lakini silaha ninazoomba zitahesabika, zina namba na daftari. Zilizopo sasa hakuna anayezijua idadi.

Nilipomwambia yule baba kwamba nakuandikia, hakukasirika. Mwanawe sasa ni kijana, anapalilia kwa mkono wa kulia, wa kushoto anaubana mpini kwa kiwiko. Gobore liko, ila haliingii tena ndani ya nyumba. Amenituma nikuulize jambo moja tu: akilileta, Machi usiku dunguni atakuwa na nani?

Wako,
Muuguzi mstaafu, Wilaya ya Lindi