Asante, mzee wa North Wilkesboro

Mzee wangu mwenye kofia nyekundu, hata jina sikukuuliza. Gari letu liligoma kuwaka nje ya uwanja wa mbio za magari wa North Wilkesboro, kule North Carolina, Marekani, na mtoto analia njaa. Ukakwangua kutu kwenye vichwa vya betri kwa kisu chako, ukaunganisha nyaya na pikapu yako, likawaka. Pesa ukakataa kabisa! Ukatusimulia badala yake: uwanja ulifunguliwa 1947, mzunguko kama kilomita moja, upande mmoja mteremko, wa pili mlima. NASCAR, waandaaji wa mbio za magari Marekani, walihama 1996, magugu yakaota; wakarudi 2023. Wenye nyaya kwenye buti la gari, msitupite barabarani. Mwanangu sasa anakimbiza vigari vyake kuzunguka sinia, kaliinamisha.