Risala ya Wanakikundi Wenye Maduka Madogo wa Malaba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mgao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji), mashehe na wachungaji, wanakikundi wenzetu, na majirani mliovuka kutoka upande wa Kenya,

Karibu Malaba. Umetukuta siku ambayo hakuna mwanakikundi anayekosa, hata wale waliopata dharura kila Alhamisi ya kikao mwaka mzima.

Kikundi chetu ni cha kuweka akiba na kukopeshana. Tuko watu 28, akina mama 21 na wanaume 7, wenye maduka na vibanda kando ya barabara ya malori. Wateja wetu wakubwa ni madereva waliokwama mpakani. Foleni ikirefuka, nchi inalalamika na sisi tunauza. Ikisonga haraka, nchi inafurahi na maji yetu ya chupa yanabaki kwenye katoni. Kila duka lina makopo mawili ya pesa, moja la shilingi za Uganda na jingine la shilingi za Kenya.

Utaratibu wetu hatukuuvumbua sisi. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991, akina mama wakisaidiwa na shirika la CARE, vikasambaa hadi huku kwetu. Kila Alhamisi mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, anapigiwa muhuri kwenye kitabu chake, na fedha zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu ambao, kwa makusudi, si marafiki. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji na unarudi ndani ya miezi mitatu. Akiba zetu pamoja na riba ya mikopo ndizo tunazogawana leo.

Mheshimiwa, yuko mama mmoja mstari wa pili, ametukataza tusimtaje. Alikuwa akinunua sukari kilo tano tano kwa muuzaji wa jumla na kuipima robo robo, faida yote ikiishia kwenye nauli ya boda boda. Mkopo wake wa kwanza ulikuwa shilingi 250,000. Akanunua gunia zima la kilo 50. Bei hakupandisha, alichopata ni zile safari tisa ambazo hakuzifanya tena. Alipomaliza deni akakopa tena, akaongeza rafu na kununua mizani mpya, maana ile ya zamani, tunasema kwa upendo, ilikuwa ikimpendelea mwenye duka.

Wilaya yetu ya Tororo si ngeni katika mambo haya. Mwaka 2005, mikopo ya kwanza kabisa ya Kiva, shirika la Marekani linalochangisha mikopo midogo kwa intaneti, ilikuja kwa wafanyabiashara 7 wa hapa Tororo: jumla dola 3,500. Kufikia Septemba mwaka huohuo zote zilikuwa zimerudishwa. Wenyewe husema jina lao ni neno la Kiswahili lenye maana ya makubaliano. Sisi tunaoongea Kiswahili kutwa bado tunalitafuta. Labda walisikia watu wameivana.

Lakini mkopo mdogo unaweza pia kuua duka. Mwenzetu mmoja, kabla hajajiunga nasi, alikopa kwa mkopeshaji aliyetaka marejesho kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza. Bidhaa hazijatoka kwenye katoni, marejesho yamefika. Akawa analipa kwa mtaji wenyewe, mpaka rafu zikabaki na viberiti na chumvi. Juu ya hayo, kitambulisho chake cha taifa kilishikwa kama dhamana, akashindwa hata kusajili laini ya simu, sembuse kuwa wakala wa pesa za simu. Kumbe sheria ya mwaka 2016 ya mikopo midogo inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha mtu! Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza si fedha. Tunaomba sheria hiyo ielezwe sokoni, kwa Kiswahili, Kiteso na Kijopadhola, na ibandikwe mahali pa kusomeka.

La pili linahusu fedha za Parishi, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Tangu 2022 kaya inaweza kukopa hadi shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, nafuu ambayo sanduku letu haliwezi kuifikia. Ila mpango huo umeelekezwa kwenye kilimo na ufugaji. Mwenye duka akiuliza, anashauriwa aandike kuku. Mheshimiwa, hatutaki kuandika kuku wasiokuwepo. Utusemee huko juu.

Baada ya mgao sanduku hubaki tupu, kisha karo ya Februari inamaliza rafu nazo. Mwaka huu, baada ya kugombana Alhamisi mbili, tumekubaliana kila mtu aache sandukuni thamani ya hisa tano za kuanzia mzunguko mpya. Wawili bado wamenuna.

Sasa tunakuomba usogee mezani ushuhudie sanduku likifunguliwa. Wenye funguo wawili wako hapa mbele. Wa tatu ametoka kidogo kumuuzia dereva maji. Anarudi sasa hivi.