Kwa nini tunakagua nyayo na kucha zako kabla ya kukupaka hina

Bibi harusi akikaa kwenye kiti cha saluni yetu hapa Mtwara, hatuanzi na hina. Tunamsafisha miguu, tunafuta rangi ya zamani kwenye kucha, kisha tunageuzia unyayo kwenye mwanga na kuukagua mpaka katikati ya vidole. Tunatafuta dalili za melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Wengi husema huo ni ugonjwa wa Wazungu na jua. Ni kweli wao huupata zaidi kuliko sisi. Lakini ukimpata mtu mweusi, mara nyingi hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki sana. Bob Marley ulimwanzia kwenye kidole cha mguu, ikadhaniwa ameumia mpirani. Uligundulika 1977, na 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

Hina na piko hupakwa palepale ugonjwa huu unapojificha. Hina ya unyayoni hufifia baada ya wiki chache, ila ya kwenye kucha haitoki mpaka kucha iote upya, na kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi. Mwanamke anayepaka kila harusi anaweza kukaa miaka bila kuiona kucha yake ilivyo.

Mstari mweusi kwenye kucha usikutie hofu hapohapo. Watu weusi wengi wanao, hasa watu wazima, tena kwenye kucha kadhaa. Unaotutia shaka ni ule wa kucha moja tu, hasa ya kidole gumba, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umevuka kucha na kuingia kwenye ngozi. Damu iliyovilia baada ya kujikwaa husogea mbele kadiri kucha inavyoota. Weusi usiosogea ni wa kupelekwa hospitali. Unyayoni tunaangalia baka lenye kingo zisizo sawa na rangi zilizochanganyika, linalokua, au kidonda kisichopona ambacho mtu amekizoea akidhani ni sugu. Akina mama wanaobangua korosho tunawauliza kwanza kuhusu kazi, maana mafuta ya maganda huacha weusi vidoleni, lakini huo hubanduka na ngozi.

Sisi si madaktari, hatuwezi kukwambia una saratani. Tukitilia shaka, hapo hatupaki, na kamwe hatukwangui wala kukata kwa wembe. Tunakupigia picha kwa simu yako, rula ikiwa pembeni, uende nayo kituo cha afya, hospitali ya mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walioko Lindi waende Hospitali ya Sokoine. Daktari akiona haja atachukua kinyama kidogo kipimwe maabara. Melanoma ikikutwa bado nyembamba, mara nyingi kuikata kunatosha. Ikishafika kwenye tezi za limfu, kama zile za kinenani, matibabu huwa marefu na magumu, na safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inakuwa haikwepeki.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino mambo ni tofauti: kwao jua ndilo hatari kubwa, na saratani zao huanzia zaidi usoni, masikioni na shingoni. Wao wakaguliwe kliniki mara kwa mara, saluni haitoshi.

Kukaguliwa hapa hakulipiwi, hata kama siku hiyo hupaki kitu. Mlete na bibi yako asiyeweza kuinama kujitazama nyayo. Mje asubuhi, kabla wateja hawajajaa.