Siyo mtandao unaosumbua, ni testi zilizozimwa

Mhariri, mbukwenyi kutoka Dodoma. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwa jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, lile jibu tunalopewa kila dirisha tunalosimama, "mtandao unasumbua." Unaenda kulipia kitu, mtandao. Unampeleka mgonjwa, kadi haisomi, mtandao. Mtoto anajaza fomu ya chuo mpaka ukurasa wa mwisho inagoma, mtandao. Sasa mimi hizo programu ndo nazitengeneza, ndo kazi inayonilisha hapa mjini, na nakuambia mara nyingi sana mtandao upo mzima kabisa, huyo huyo karani anayekwambia hivyo meseji za WhatsApp zinaingia kwenye simu yake pale mezani. Kilichotokea ni kwamba kuna mtu jana yake kabadilisha kitu kidogo kwenye mfumo, kaangalia kwenye kompyuta yake kaona unafunguka, kaupandisha kwa wananchi, kaenda nyumbani.

Najua hivyo kwa sababu na sisi tulifanya.

Timu yetu tuko wanne, tunatunza mfumo wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Karani anakaa kituo cha kukusanyia na simu yake, kreti zinapimwa, anaingiza namba ya mkulima na kilo, anabonyeza Tuma, mkulima anapata meseji ya risiti na zile kilo ndo zinaingia kwenye malipo yake. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu tukaombwa tuweke tangazo la mkutano mkuu, mwenzetu akaweka ukanda wa zambarau chini ya ukurasa, kwenye kompyuta ulipendeza kweli. Jumamosi asubuhi kule Mpunguzi karani anabonyeza Tuma, kimya. Tukaja kugundua kwenye simu ndogo, zile za kioo cha upana wa pikseli 360, ule ukanda ulikuwa umekaa juu ya kitufe, unakiona ukingo wa juu tu, kidole kikienda kinagusa tangazo. Na kreti zimepangwa pembeni ya barabara, jua la huku mnalijua, nyuki wameshaanza kuja. Nlikuwa nimefika na pikipiki baada ya kupigiwa simu, nimesimama pale pale karani anamwambia mama mmoja mtu mzima aliyetoka kwake alfajiri na punda, "Mama vumilia, mtandao unasumbua." Yule mama akamwangalia akasema, "Mwanangu, si sasa hivi nimeongea na mjukuu wangu kwenye simu hapa hapa?" Hakuna aliyemjibu, hata mimi.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba testi tulikuwa nazo. 214! Tulikuwa tumezizima wenyewe.

Kwa asiyejua, testi ya brauza ni programu ndogo inayofungua brauza kama vile ni mtu, inaingiza namba, inabonyeza kitufe, alafu inaangalia kama risiti imetokea. Siyo jambo jipya, Jason Huggins alianza kutengeneza Selenium, chombo cha kuendesha testi za namna hii, mwaka 2004 akiwa kampuni ya ThoughtWorks kule Chicago kwa sababu kulikuwa na mfumo wa ndani wa kujaza saa za kazi na matumizi uliokuwa ukipimwa kwa mkono kila siku, na sisi tunatumia Playwright, chombo cha aina hiyo hiyo cha Microsoft kilichotoka 2020, zote ni za bure. Playwright kabla haijabonyeza kitufe inahakikisha kinaonekana, kimetulia, na hakuna kitu kingine kilichokaa juu yake, kama kimefunikwa inasubiri mpaka muda unaisha alafu testi inaanguka na inakuandikia kabisa ni kitu gani kimezuia. Yani ule ukanda wa zambarau ungetajwa kwa jina lake Ijumaa ile ile, mradi tu brauza ya testi iwe imepewa kioo cha ukubwa wa simu ya karani na siyo ukubwa wa kompyuta yangu.

Sasa tulizizima kwanini. Hizi testi hukai nazo kwenye kompyuta yako, zinaendeshwa kwenye huduma ya mtandaoni inayochukua kila mabadiliko unayopandisha na kuyapima yenyewe, sisi tunaiita CI, na ya kwetu ni GitHub Actions. Kwa akaunti ya bure yenye programu isiyo ya wazi kwa watu wote unapewa dakika 2,000 kwa mwezi. Seti yetu nzima ilikuwa inakula dakika 38, tunapandisha mabadiliko kama mara tatu kwa siku, hizo ni dakika 114 kila siku, kwahiyo siku ya 18 tumekauka. Na hata kabla hazijaisha, mtu kabadilisha neno moja anakaa dakika 38 anasubiri rangi ya kijani kwamba testi zimepita, nani ana uvumilivu huo wakati bosi anapiga simu? Tukasema tuzizime kwanza tutazirudisha. Nimeongea na vijana wengi hapa Dodoma wanaofanya kazi hii, hadithi ni hiyo hiyo, wanajua kuziandika vizuri tu ila zimelala, maana mtu anadhani ni zote au hakuna.

Dawa ni kuchagua. Tulichofanya baada ya ile Jumamosi ni kuzipa testi lebo, na lebo yetu muhimu kuliko zote inaitwa @pesa. Kila mabadiliko yakipandishwa CI inaendesha mstari mmoja tu, npx playwright test --grep @pesa, ambao unaokota testi 11 zenye lebo hiyo na kuziacha nyingine zote, na tunaiambia isakinishe Chromium peke yake badala ya brauza zote tatu. Dakika tatu umemaliza. Ile seti nzima ya 214 inaendeshwa mara moja, usiku, na kama unataka saa nane usiku ya hapa kwetu kwenye ratiba unaandika saa 23 maana ile ratiba inahesabu kwa UTC, yani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, sisi tumeweka na dakika 17 juu yake kwa sababu mwanzo wa saa ndo kila mtu duniani anapanga kazi zake na ya kwako inaweza kuchelewa. Piga hesabu, 38 mara siku 30 ni 1,140, zinabaki dakika 860 za @pesa, hatujawahi kuzimaliza.

Lakini kuchagua testi zipi, hapo ndo pana kazi na hapo ndo watu wanakosea. Kuna wanaochagua kwa kuangalia faili lililoguswa, Playwright yenyewe tangu 2024 ina --only-changed inayojaribu kukuokotea testi zinazohusika na ulichobadilisha, inasaidia kupata jibu la haraka la kwanza, ila sikubali iwe ndiyo mlinzi pekee. Ukanda wetu ulikuwa kwenye faili la mitindo, lile la kupanga mwonekano, linalotumiwa na kurasa zote, hakuna testi iliyokuwa na habari nalo. Sisi tunauliza swali lingine, hiki kikifa usiku huu nani kesho analala na njaa? Na swali hilo usiwaulize watengenezaji, tulienda kumuuliza karani. Sisi tulikuwa na orodha ya testi nane tukajiona tumemaliza, yeye akauliza, "Na ukurasa wa kurekebisha kilo mmeuweka?" Hatukuwa tumeuweka. Kumbe anautumia kila siku kwa sababu mizani ikisoma vibaya hapo ndo pa kumrudishia mkulima haki yake, na kwetu sisi ulikuwa ukurasa mdogo tu wa pembeni. Ndo zikawa 11. Testi ya kwanza kwenye lebo ile inaingiza kilo 43, ndizo zilizokuwa kwenye kreti za yule mama siku ile.

Kuna mitego pia, nitaje miwili mitatu kwa wenzangu wanaosoma. Mtu akiwa anatengeneza testi moja anaandika test.only ili iendeshwe hiyo peke yake, akisahau kuitoa CI itaendesha hiyo moja na kukuwekea kijani kibichi kabisa, kwahiyo washa forbidOnly kule kwenye CI, ikikuta neno hilo inakataa. Alafu ukiiambia CI iruke testi pale yanapobadilika maandishi ya maelezo tu, siyo programu yenyewe, na wakati huo huo umeweka kwamba testi hizo lazima zipite ndo mabadiliko yakubaliwe, itakaa inasubiri bila mwisho na watu wataanza kutafuta njia ya kuiruka. Na testi kigeugeu, ile inayopita asubuhi inaanguka mchana hakuna kilichobadilika, hiyo ni sumu, watu wanazoea kubonyeza rudia rudia mpaka ipite, siku kosa la kweli likija nalo wanalibonyezea rudia. Kwetu kigeugeu kinatolewa kwenye @pesa siku hiyo hiyo, kinapewa mtu kwa jina, kinarudi kikipona.

Mhariri, najua kuna watakaosema haya ni mambo ya mafundi yamalizane huko huko. Hapana. Anayelipia mfumo ni chama, ni halmashauri, ni shule, na mkulima anakatwa kwenye zabibu yake ili ulipwe. Nimeona mikataba kadhaa, inaandika rangi za nembo, inaandika idadi ya kurasa, mafunzo siku ngapi na chai, lakini hakuna mstari unaosema kabla toleo jipya halijapandishwa testi za njia kuu zipite na ripoti yake ionekane. Playwright inatoa hiyo ripoti yenyewe, ukurasa mmoja unaoufungua kwenye brauza, kijani na nyekundu, mwenyekiti wa chama hahitaji kuwa fundi kuusoma.

Na vyuo vyetu hapa, kuanzia UDOM ambako kuna koleji nzima ya informatiki, mradi wa mwisho wa mwanafunzi usimame na testi zake zilizochaguliwa zikiendeshwa kwenye CI mbele ya mwalimu, gharama siyo kisingizio maana programu ikiwa ya wazi kwa watu wote GitHub haihesabu hata dakika kwenye mashine zake za kawaida. Kijana aulizwe pale pale, kwanini umechagua hizi na ukaacha zile, ajieleze.

Msimu wa pili wa zabibu ni mwezi wa nane na wa tisa, na sasa hivi ndo vyama vinakaa na watu wa mifumo kusaini. Kabla ya kusaini wamuulize huyo fundi awafungulie ripoti ya jana usiku kwenye simu ya karani, siyo kwenye kompyuta yake.

Msomaji wenu, mtengeneza programu
Nkuhungu, Dodoma