Ng'ombe mmoja, mabango matatu: barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani,
Kampala.

KUH: HESABU ZA MASHIRIKA YA MISAADA YA KIISLAMU

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni wahasibu, wakaguzi wa hesabu na watunza hazina tunaoshughulikia vitabu vya mashirika ya misaada ya Kiislamu, kuanzia Kampala na Mbale hadi Yumbe. Tunakuandikia wewe kwa kuwa sheria ilirekebishwa mwaka 2024 na kazi za Ofisi ya Taifa ya NGO zikahamia wizarani kwako, vibali na ripoti za mwaka pamoja. Ombi letu kubwa ni moja: ripoti ya mwaka iwe na jedwali linaloonyesha kila mfuko wa fedha peke yake.

Katika ripoti nyingi wanazoletewa maofisa wako upo mstari mmoja mnene ulioandikwa "michango". Humo zimemwagwa zaka, sadaka, waqfu, fidia ya saumu, kafara, udhiya (mnyama wa kuchinjwa Idi ya Mfunguo Tatu) na fedha za mayatima. Kwa vitabu vya kawaida yote hayo ni mapato. Kwa aliyetoa, kila moja ina sharti lake. Zaka ina watu wake 8 waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi hawakubali ijenge msikiti au ichimbe kisima, maana inatakiwa ifike mkononi mwa mstahiki iwe mali yake. Mtaji wa waqfu hauguswi, huliwa matunda yake tu. Udhiya, kwa madhehebu ya Shafi iliyoenea kwetu, ina siku 4, tarehe 10 hadi 13 Mfunguo Tatu. Ikipita hapo ni nyama tu. Basi shirika laweza kukaguliwa na mkaguzi mwenye leseni ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, likapewa hati safi, huku kodi ya ofisi ililipwa kwa zaka ya wajane. Mkaguzi hakukosea. Hakuna aliyemtaka aiangalie zaka kama zaka.

Gharama za uendeshaji nazo zina pa kushikia. Wanaoitumikia zaka ni fungu mojawapo katika yale 8, na Mashafi huweka mpaka wake kwenye thumuni, yaani asilimia 12.5. Shirika linaloahidi kwamba "senti yote inafika kwa maskini" lieleze mshahara wa dereva na mafuta ya gari vinatoka mfuko gani. Mara nyingi jibu lipo na ni la halali, ila halijaandikwa popote.

Tuchukue udhiya, kwa sababu ndiko mambo yanakoharibika kwa kasi zaidi. Shirika limepokea hisa 700. Ng'ombe mmoja ni hisa 7, kwa hiyo tunatarajia ng'ombe 100, na ngozi 100. Ushahidi unaoletwa kwa mfadhili ni picha ya ng'ombe mbele ya bango lenye jina lake. Bango halithibitishi kitu. Ng'ombe huyohuyo hupigwa picha mara tatu, mabango yakibadilishwa, na ukitazama baka jeupe kwenye bega la kushoto utaliona katika picha zote tatu. Dawa yake ni rahisi: kila mnyama avalishwe herini yenye namba sikioni, ipigwe picha namba, si bango, na namba hiyo iandikwe mbele ya majina 7 kwenye daftari la machinjo. Kisha daftari lilinganishwe na karatasi mbili ambazo shirika haliwezi kujiandikia lenyewe: risiti ya soko la ng'ombe, na kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa na daktari wa mifugo wa wilaya, ambacho hutaja idadi ya wanyama. Kibali kikisema 62 na daftari likisema 100, wale 38 walifika kwa miguu yao?

Ngozi ndizo husahaulika. Hazipaswi kumlipa mchinjaji ujira wake. Hadithi iliyopokewa kwa Ali, swahaba wa Mtume, iko wazi. Lakini zikiuzwa kwa ajili ya maskini, fedha hiyo lazima iingie kitabuni, na mara nyingi haiingii, kwa kuwa hakuna mfadhili anayeiulizia. Mstari mmoja wa "ngozi zilizouzwa" katika jedwali ungetosha.

Lipo na tatizo ambalo si wizi. Bei ya hisa hutangazwa miezi kabla. Halafu ugonjwa wa miguu na midomo unazuka, wilaya inawekwa karantini, masoko ya mifugo yanafungwa, na ng'ombe aliyebaki sokoni kwa jirani anapanda bei wiki ya mwisho. Shirika limekwisha kupokea fedha; haliwezi kuwarudia wafadhili kuomba nyongeza. Pengo linazibwa kimyakimya kwa zaka iliyobaki tangu Ramadhani. Kwa makadirio yetu, mifuko mingi huchanganyika kwa njia hii kuliko kwa mtu kutia mfukoni. Jedwali lingeonyesha mkopo kati ya mifuko, nani aliuidhinisha na ulirudishwa lini.

Visima tutavipitia kwa ufupi. Kisima kilichochimbwa kwa mtambo kinapaswa kuwa na namba ya DWD, kurugenzi ya maji ya serikali. Ripoti itaje namba hiyo pamoja na majira ya nukta kwenye ramani, basi. Kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili hung'olewa na kubandikwa kingine.

Ugawaji ni jambo jingine linalotaka jicho. Orodha ya wapokeaji yenye muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, inahesabiwa kuwa ushahidi kamili, na haitoshi. Alama za dole gumba zikiwa zote katikati ya kisanduku, wino mmoja, karatasi haina hata kunyanzi, ujue ilijazwa ofisini. Orodha iliyotoka kwenye foleni ya posho na maharage ina vumbi, ina jina lililokatwa, ina mama aliyepokea kwa niaba ya jirani na maelezo yake pembeni. Kwa hiyo ofisa anayekagua asiadhibu uchafu wa karatasi.

Fedha zikitumwa kwa simu hali ni bora, lakini ina mitego yake. Tuseme kaya 400, kila moja shilingi 50,000. Jumla ni 20,000,000. Kutoa fedha kuna kodi ya asilimia 0.5, yaani 250 kwa kila kaya na 100,000 kwa wote, mbali na ada ya kampuni. Mfadhili akiambiwa mjane alipata 50,000 kamili, nyongeza hiyo itoke kwenye mstari unaojulikana. Pili, laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la ndugu, hasa katika makazi ya wakimbizi kama Bidibidi. Pasipo safu ya "laini imesajiliwa kwa jina la nani", taarifa ya kampuni ya simu na orodha ya shirika hazitaoana kamwe. Tatu, malipo yaliyoshindikana hurudi kwenye akaunti ya shirika siku chache baadaye. Hayo yaliyorudi ndiyo ya kwanza kuulizwa na mkaguzi mzuri, maana kwenye leja tayari yamehesabiwa kuwa yametolewa.

Na mwezi una yake. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Shirika linalofunga hesabu Desemba litaona mapato yake ya Ramadhani yakigawanyika kati ya miaka miwili ya hesabu, yakipanda au kushuka, ingawa halijafanya lolote. Maofisa wako wajue hilo kabla ya kuandika barua ya kutaka maelezo.

Mheshimiwa, hatuombi msimamizi alale. Benki zinatakiwa kuiarifu FIA, mamlaka ya taarifa za fedha, kila muamala wa fedha taslimu unaozidi shilingi milioni 20, na shirika linalotoa milioni 19.5 siku tatu mfululizo linastahili kuulizwa. Lakini Uganda ilitoka kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi, Februari 2024 baada ya miaka minne, na Pendekezo la 8 la chombo hichohicho, lililorekebishwa mwishoni mwa 2023, linataka hatua ziendane na hatari iliyopimwa, si kila shirika lenye jina la Kiarabu liwekwe kapu moja. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mpigo, mengine kwa kibali kilichokwisha muda au ripoti ambazo hazijawasilishwa. Kibali kilichokwisha ni kosa, lakini dawa yake ni barua na siku 30. Akaunti ikifungwa wiki muhula wa shule unapoanza, anayerudishwa nyumbani ni yatima. Mkurugenzi ana mshahara wake wa mwezi uliopita.

Kwa hiyo, pamoja na jedwali la mifuko, tunaomba daftari la vibali liwekwe wazi kwenye tovuti ya wizara, likionyesha tarehe ya kibali kuisha na kama hesabu za mwaka zimepokelewa, ili mfadhili wa Kawempe au wa London ajitazamie mwenyewe kabla ya kutuma. Majina na picha za mayatima zisiwekwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu watoto hao pia, na namba ya siri kwa kila mtoto inatosha kumgundua yatima mmoja mwenye wafadhili watatu wasiojuana. Kamati za usimamizi za wilaya zipewe nakala ya jedwali hilo, kwa sababu wao ndio wanaoweza kutembea hadi kisimani. Mashirika madogo, kama yale ya msikiti mmoja yanayogawa zaka ya fitri tu, yaruhusiwe kujaza ukurasa mmoja: kilo ngapi ziliingia, kilo ngapi zilitoka, kaya ngapi.

Mfano wa jedwali tumeuacha masijala ya wizara pamoja na nakala ya barua hii. Una safu 7: mfuko, salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotumika kwa wastahiki, gharama za uendeshaji, kilichokopwa au kukopeshwa mfuko mwingine, na salio la mwisho. Shirika lenye vitabu vilivyonyooka litaujaza kwa siku moja. Likihitaji miezi mitatu, hapo ofisa wako ameshajua aanze kuuliza wapi.

Wako katika utumishi,
Wahasibu na watunza hazina, Kampala, Mbale na Yumbe